Dhana potofu kuhusu kupoza na kupasha joto nyumba

Dhana potofu kuhusu kupoza na kupasha joto nyumba ni imani zinazowafanya watu walipie umeme usiowaletea nafuu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki nyingi zinahusu kiyoyozi na feni. Katika nyanda za juu zinahusu hita. Mzizi wake unasikika katika usemi wa kila siku: "Funga mlango, baridi isitoke." Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitupa nje, kwa msaada wa gesi inayozungushwa na kompresa ndani ya mabomba, na ndiyo maana kasha lake la nje hupuliza hewa ya moto. Anayeacha friji wazi ili jikoni papoe hupata kinyume chake: joto linalovutwa kwa mbele hutokea kwa nyuma, likiwa limeongezewa joto la mota.

Nyuzi 16

Dhana iliyoenea sana ni kwamba rimoti ikishushwa hadi nyuzi 16, chumba hupoa haraka. Kompresa ya kawaida ina hali mbili tu, imewaka au imezimika. Chumba chenye nyuzi 31 hutumia muda uleule kufika 25, rimoti iwe imesema 25 au 16. Tofauti huanza hapo: iliyoambiwa 25 hupumzika, iliyoambiwa 16 huendelea. Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, kiyoyozi kidogo huenda kisiifikie 16 kabisa, na kompresa isipumzike hadi mwenye nyumba aamke akiwa amejifunika blanketi. Vyenye inveta hubadili kasi, lakini navyo huokoa umeme pale vinapokaribia kiwango kilichowekwa na kupunguza mwendo. Kuviwekea 16 ni kuvinyima nafasi hiyo.

Wengine huamini kuwa kukiacha kiyoyozi kikiwaka mchana kutwa katika nyumba isiyo na watu ni nafuu kuliko kukizima na kukiwasha upya jioni. Joto hupenya ukuta na paa kwa kasi inayotegemea tofauti ya ndani na nje, kama mtumbwi uliotoboka: kadiri maji ya ndani yanavyokuwa machache kuliko ya nje, ndivyo yanavyoingia kwa nguvu. Chumba kilichoachwa kipate moto hupokea joto kwa kasi inayopungua, kwa hiyo jioni joto la kuondolewa huwa pungufu ya lile ambalo lingeondolewa kutwa nzima. (Chumba, tofauti na mtumbwi, hakizami.)

Ukubwa na unyevu

Dukani mnunuzi huambiwa achukue kikubwa "ili kisisumbuke". Katika miji ya pwani ushauri huu ni mbaya, kwa sababu kinachowatesa watu huko ni joto pamoja na unyevu. Hata mashine ambayo mhandisi Willis Carrier aliisanifu mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn ilikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Maji yanayodondoka kwenye kibomba cha nje cha kiyoyozi ni unyevu uliotolewa chumbani. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hufikia nyuzi zilizowekwa kwa dakika chache na kuzima kabla hakijakausha hewa. Chumba huwa na ubaridi wa kunata, mtu hushusha tena rimoti, na uniti za umeme katika mita ya LUKU zinakwisha.

Feni za maji hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke. Dodoma wakati wa kiangazi zinafaa. Mombasa, ambako hewa imekwisha kulowa, zinaongeza kero.

Gesi nayo huhesabiwa kama mafuta ya gari, kitu cha kujazwa kila mwaka. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Imefungiwa, na ikipungua basi pana mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anauza huduma itakayohitajika tena.

Feni

Pangaboi hupoza watu, halipozi chumba. Upepo wake hukausha jasho na kuondoa hewa ya moto iliyoganda kwenye ngozi. Chumba kisipokuwa na mtu, mota yake huongeza joto kidogo tu. Kuliacha likizunguka "ili tukirudi pawe pamepoa" ni hasara tupu, ingawa ndogo: feni ya wati 60 hula uniti moja kwa saa 16 hivi, wakati kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Kwa hesabu hiyo, mwenye vyote viwili angeweka kiyoyozi kwenye 26 au 27 na kuwasha feni.

Nyanda za juu

Nairobi, Mbeya na Njombe, Juni hadi Agosti, wauzaji husifu hita ya mafuta kuwa hula umeme kidogo kuliko ya waya au ya feni. Hita zote za umeme hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa ikiwaka mfululizo, iwe na mafuta au isiwe nayo. Ya mafuta huchelewa kupata moto na kuchelewa kupoa, basi. Kinachoizidi ni kiyoyozi cha aina inayoweza kugeuzwa: kwa kuwa huhamisha joto la nje na kuliingiza ndani badala ya kulitengeneza, hutoa joto takriban mara 3 ya umeme kinaotumia.