Kigamboni Kabla ya Daraja

Yako maneno ambayo, kwa kurudiwa na wenye elimu na wasio nayo, hatimaye huvaa sura ya kweli. Na mojawapo ni haya yanayosemwa juu ya Kigamboni, kwamba hadi tarehe 19 Aprili 2016, siku lilipofunguliwa daraja la mita 680 linalotoka Kurasini, ng'ambo ile ilikuwa pori la minazi na mikoko lenye wavuvi wachache, wala haikuwa na taarikhi yoyote ya kuandikwa. Dhana hiyo siikubali. Nami naipinga kwa kutaka insafu, kwa maana watu wakiisha kuambiwa kwamba hawana asili, haupiti muda mrefu kabla hawajaambiwa kwamba hawana la kuulizwa juu ya ardhi wanayoikalia.

Katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Prosa und Poesie der Suaheli, uliopigwa chapa Berlin mwaka 1907, zimo habari za zamani za Dar es Salaam zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe. Ni hazina ambayo wasomaji wetu wengi hawajaitia mkononi. Habari hizo haziuanzi mji kwa Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyeanza kujenga hapa katika miaka ya 1860 na kufariki mwaka 1870 kazi yake haijatimia. Zauanza kwa Washomvi, waliojinasibu na Barawa, na kwa masaibu yaliyowapata mikononi mwa Wakamba, hata wakalazimika kumwita Pazi Kilama wa Wazaramo awasaidie. Naye alipokwisha kumtoa adui, watu wa pwani wakaridhia kumpa kila mwaka ada iliyojulikana kwa jina la kanda la Pazi.

Wako wanaoyatupa masimulizi haya kwa hoja kwamba hayana tarehe. Hao ndio wale wale ambao, wakiona barua ya balozi mmoja wa Kizungu, huipokea kana kwamba ni shahada iliyokamilika. Mimi naona kwamba msimulizi asiyetaja mwaka aweza kutaja jambo kubwa kuliko mwaka, nalo ni jinsi watu wa zama zake walivyojihesabu. Katika habari hizi mtu hajulikani kwa upande wa maji alikolala, bali hujulikana kwa jamaa aliowaoa, kwa ada anayoitoa na kwa ada anayopokea. Na bandari, ambayo ramani huichora kama mpaka, ilikuwa kwao njia ya kupitia. Tena upande wa kusini haukuwa mtupu hata kidogo, kwa kuwa huko ulikuwako Mbwamaji, mji wa Waswahili na bandari ya misafara ya bara, ambao jina lake limo katika maandishi ya Mwingereza Burton, aliyesafiri nchi hizi kuanzia mwaka 1857, kabla Majid hajaweka msingi wa nyumba yake.

Ya Wajerumani, waliofanya Dar es Salaam makao ya serikali yao mwaka 1891, na ya Waingereza waliowafuata, yamekwisha kuandikwa ya kutosha. Baada ya Uhuru ng'ambo ile ilipata Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, kiwanda cha kusafishia mafuta mwaka 1966, na mwanzo wa bomba la TAZAMA liendalo Ndola mwaka 1968. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wasio na kazi walitolewa mjini na kuvushwa kwenda kulima karibu na Mbwamaji, katika kijiji cha ujamaa kilichoitwa kwa Kizaramo Gezaulole, maana yake jaribu uone.

Lakini anayetaka kuijua jamii hii asiishie katika vitabu. Na aende Feri, kivukoni upande wa Kigamboni, alfajiri. Atawaona makarani na wauguzi, wanafunzi, mafundi na vibarua wa Kariakoo wakisubiri lango lifunguliwe, kisha wakimiminika ndani ya pantoni pamoja na baiskeli, bajaji na magari, ilhali akina mama wenye beseni wanavuka kwenda mnadani kununua samaki ambao jioni watakaangwa na kuuzwa Tungi na Mjimwema. Daraja halikuiondoa foleni hii, kwa sababu liko ndani ya mkono wa maji huko Kurasini, tena magari hulipia tozo, na mtu wa miguu aendaye Posta hana njia fupi kuliko ile ya babu zake.

Sensa ya 2022 iliikuta wilaya hii, iliyokatwa kutoka Temeke, ina watu wapatao 318,000, karibu maradufu ya wale 163,000 waliohesabiwa katika eneo hilo hilo mwaka 2012. Wapenzi wa dhana ya daraja huzishika hesabu hizi kama hujja yao, nami sikatai kwamba lami imeleta wengi. Hata hivyo, sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku yake, wala haisemi lolote juu ya maelfu ambao hulala upande mmoja na kukipambazuka hutafuta riziki upande wa pili. Hilo msimulizi wa Velten alilielewa zaidi.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Kigamboni, Kibada, Mjimwema na Gezaulole, ambako viwanja vinauzwa na majina ya zamani yanafutika pamoja na minazi: mwenye babu au bibi aliyezaliwa huko amwendee na daftari, amwulize nani alikaa wapi, alioa wapi na alivuka kwa chombo gani, akaandike kwa Kiswahili kile kile atakachoambiwa, ingawa hakina tarehe.