Deni la Tibullus

Mashariki ya Neasden inapita Edgware Road, iliyonyooka kwa sababu imefuata barabara ya Warumi. Ukiiandama mpaka mwisho wake, kisha ukaelekea mashariki, utafika Walbrook, lilipo hekalu la Mithras. Lilifukuliwa mwaka 1954, likahamishwa. Tangu 2017 linaonyeshwa chini ya jengo la Bloomberg.

Mwongozaji wetu alizungumza sana juu ya mungu huyo na fahali wake. Mimi nilivutwa zaidi na vibao vya mbao vilivyofukuliwa kwenye kiwanja hichohicho, zaidi ya 400. Kimoja ni cha tarehe 8 Januari mwaka 57: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru na Venustus, anakiri kudaiwa na Gratus, aliyeachwa huru na Spurius, dinari 105 za bidhaa alizokwisha kupokea. Mdai na mdaiwa, wote wawili waliwahi kumilikiwa!

Aliyesoma hati za mikopo za Unguja za karne ya 19 atautambua mtindo huo. Huko nako aliyeachwa huru aliandikwa kwa jina lake na la bwana wake wa zamani, naye alikopa, alikopesha, aliweka shamba rehani. Lakini mgeni anayetembezwa Mkunazini huonyeshwa vyumba vya chini na minyororo, huambiwa kwamba soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na simulizi huishia hapo. Hati za watu hao zimehifadhiwa Kilimani, katika Nyaraka za Taifa. Sijapata kumsikia mwongozaji akizitaja.