Duka Lililoifanya Redio Kuwa Bidhaa

Historia ya mwanzo wa redio nchini Marekani husimuliwa kama kazi ya wahandisi na makampuni ya umeme, na mwenye duka hutajwa kwa kupita tu. Huko ni kumdhulumu. Mwaka 1920 Frank Conrad, mhandisi wa Westinghouse, alikuwa akirusha muziki wa santuri kutoka gereji yake huko Wilkinsburg, karibu na Pittsburgh. Waliomsikiliza walikuwa hasa wapenzi wa ufundi kama yeye, watu wa kujiundia mitambo kwa mikono yao. Kisha tarehe 29 Septemba, Joseph Horne, duka kubwa la mjini Pittsburgh, likatangaza katika gazeti la Pittsburgh Sun kwamba muziki huo ulikuwa umenaswa kwa mtambo uliofungwa dukani humo, na kwamba seti za kupokelea zinapatikana hapo hapo, kuanzia dola 10. Makamu wa rais wa Westinghouse, Harry Davis, akalisoma tangazo hilo. Hadi wakati huo, redio, yaani simu isiyo na waya, ilionekana kuwa na dosari kubwa: maneno ya wawili yalisikika na yeyote. Horne walikuwa wameigeuza dosari hiyo kuwa mtaji, kwa kuwa kila anayeweza kusikia anaweza pia kununua. Davis akaliona hilo, na tarehe 2 Novemba kituo cha KDKA cha Westinghouse kikatangaza matokeo ya uchaguzi wa rais kati ya Harding na Cox.

Wapo watakaosema kwamba hili lingetokea tu, duka liwepo lisiwepo. Hoja yao ina uzito: huko Detroit, gazeti la Detroit News lilikwisha kuanza kutangaza mwezi Agosti mwaka huo huo, na vituo vingi vya miaka iliyofuata vilikuwa vya watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya umeme, si vya maduka makubwa. Lakini swali gumu halikuwa nani arushe sauti. Lilikuwa nani alipie matangazo ambayo msikilizaji anayapata bure, na jibu la kwanza lililofanya kazi lilikuwa la kibiashara: faida ya kuuza seti. Ndiyo maana mwaka 1922 maduka yenyewe yalifungua vituo. Bamberger's ya Newark ilianzisha WOR mwezi Februari; mwezi Machi, huko Philadelphia, Gimbels wakaja na WIP na washindani wao Strawbridge & Clothier wakaja na WFI, siku moja tu baadaye. Mashindano ya kaunta yalikuwa yamehamia hewani. Tena duka lilitoa kitu ambacho kiwanda hakikuwa nacho, yaani mahali ambapo mtu asiyejua lolote kuhusu nyaya angeweza kuingia, kusikiliza, kuuliza na kuondoka na seti mkononi.

Mpango huo wa kulipia matangazo kwa faida ya seti ulikuwa na kikomo, maana aliyekwisha kununua seti hana haraka ya kununua nyingine, ilhali matangazo yanahitaji fedha kila siku. Mwezi Agosti 1922 kituo cha WEAF cha New York kilianza kuuza muda wa hewani kwa watangazaji wa biashara, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kutawala redio ya Marekani. Hata hivyo, wasikilizaji ambao masikio yao yaliuzwa pamoja na muda huo walikuwa wamekwisha kukusanywa, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na wenye maduka.