John Camden Hotten na Misimu ya London

Katika historia ya kamusi za Kiingereza, swali moja limejirudia: je, neno lisilotumiwa na waandishi mashuhuri lastahili kuhifadhiwa? John Camden Hotten (1832-1873), muuza vitabu na mchapishaji wa London, alilijibu kwa vitendo mwaka 1859, alipotoa kamusi ya misimu na maneno ya mitaani. Jina lake hakulitaja. Alijiita tu mpenda mambo ya kale wa London.

Hotten hakuwa wa kwanza, kwani Francis Grose alikwisha kutoa kamusi ya namna hiyo mwaka 1785. Lakini Hotten alipambanua mambo mawili yaliyozoea kuchanganywa: lugha ya siri ya wezi na ombaomba, ambayo ni ya zamani na hudumu, na misimu, ambayo huzuka na kufifia upesi, nayo ni mali ya tabaka zote. Ndiyo maana ukurasa wa jina la kitabu ulitaja pamoja barabara za London, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Bunge, mapango ya mafukara wa St. Giles na majumba ya kifalme ya St. James.

Kamusi hiyo iliambatishwa orodha mbili. Ya kwanza ilihusu wachuuzi wa matunda, mboga na samaki, waliotamka maneno kinyumenyume ili wasieleweke na wageni: "boy", yaani mvulana, likawa "yob". Ya pili ilihusu watembezaji wa nyimbo na habari zilizochapwa, ambao badala ya neno waliweka kifungu chenye kina kimoja nalo: ngazi, "stairs", zikaitwa "apples and pears", yaani matofaa na mapea.

Kazi hiyo haikukosa kasoro. Matusi mazito yaliachwa kwa makusudi, na baadhi ya asili zilizopendekezwa, hasa zile zilizohusishwa na lugha ya Waromani, hazikubaliki leo. Hata hivyo, wachuuzi wengi wa wakati ule hawakujua kusoma wala kuandika, na usemi wao ungaliweza kupotea pamoja nao. Leo "yob" limo katika kamusi za kawaida za Kiingereza kwa maana ya kijana mhuni. Kwamba hapo awali lilikuwa mvulana tu, asiye na lawama yoyote, orodha ya Hotten ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo.