Miji Saba, Siku Nane: Ratiba Yenu ya Italia Iliandikwa na Nani?

Wiki jana msichana mmoja anayefuata ukurasa huu alinitumia picha ya karatasi. Ilikuwa ratiba. Yeye na mpenzi wake wamekuwa wakiweka pesa pamoja tangu mwaka juzi, nusu kwa nusu, na safari yao ya kwanza nje ya Afrika itakuwa Italia. Ratiba yenyewe iliandikwa na jamaa peke yake. Milan, Venice, Florence, Pisa, Roma, Naples, Capri. Siku nane. Asubuhi nne kati ya hizo zinaanza saa kumi na moja. Msichana hakuulizwa kitu, aliiona tu ikiwa imeshachapishwa iende na makaratasi ya viza. Swali lake kwangu: "Nimwambieje bila kuonekana sina shukrani?"

Sasa, mimi si mshauri wa mapenzi, na mkiniuliza mambo ya mapenzi mtajuta. Mimi ni wa historia. Lakini kwa hii karatasi historia iko na la kusema, kwa sababu jamaa anafikiri hiyo njia ameibuni yeye. Hajaibuni. Ameinakili kwa watu waliokufa zamani sana, na hajui wao walikuwa wanaenda kufanya nini.

Tuanzie kwa vijana wa kitajiri wa Uingereza. Kati ya miaka ya 1600 na mwisho wa miaka ya 1700, mtoto wa bwana mkubwa akimaliza masomo alikuwa anapelekwa kuzunguka Ulaya, na kilele cha safari kilikuwa Italia. Waliiita Ziara Kuu. Walipita Turin au Genoa, wakaja Florence, wakashuka Roma na Naples, kisha wakapanda Venice. Unaona? Ni ile ile karatasi. Tofauti ni kwamba hao vijana walikaa mwaka mmoja, wengine hata mitatu, wakiwa na mwalimu wa kuwachunga (kazi ngumu, maana wengi walienda kwa pombe na kamari) na pesa za baba. Na miji haikupangwa kwa kuangalia ramani peke yake. Walilenga kuwa Roma wakati wa Wiki Takatifu na Venice wakati wa sherehe za vinyago. Mtu angekaa Roma miezi mitatu akingoja Pasaka. Ukichukua njia ya mtu wa miaka miwili ukaikamua iingie siku nane, usishangae ikikushinda.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: wakati huo hakukuwa na nchi inayoitwa Italia. Ilitangazwa 1861. Venice iliingia 1866, Roma 1870. Kabla ya hapo kila mji mkubwa ulikuwa na serikali yake, pesa zake, forodha zake na chakula chake. Venice peke yake ilijitawala zaidi ya miaka elfu moja hadi Napoleon alipoimaliza 1797. Hata hiyo lugha tunayoiita Kiitaliano ilikuwa lugha ya Florence, ikachukuliwa na kufanywa ya wote. Sisi tunaelewa hiyo hadithi vizuri, si ndivyo Kiunguja kilivyochaguliwa kuwa Kiswahili Sanifu, na watu wa Mombasa na Kimvita chao hawajasahau hadi leo? Kwa hivyo miji saba ya Italia si kama kutoka Nakuru kwenda Naivasha. Ni kama nchi saba, na kila moja inakutaka uanze upya.

Nikamjibu huyo msichana nikamwambia, wacha nikupe hadithi ya wawili wengine. Walikuwa vijana kama nyinyi.

Mary Shelley mnamjua, hata kama hamjui kama mnamjua. Ndiye aliyeandika Frankenstein, kikatoka Januari 1818. Alikuwa na miaka 20. Miezi michache baadaye yeye na mumewe, mshairi Percy Shelley, wakahamia Italia na watoto wao wawili, William na Clara. Walienda pia na dada wa kambo wa Mary, Claire, aliyekuwa amezaa na Lord Byron. Byron alikuwa Venice na mtoto yuko kwake.

Mwezi wa nane, familia ikiwa imetulia Bagni di Lucca, mji mdogo wa milimani wenye hewa poa, Claire akataka kumwona mtoto wake. Percy akafunga safari naye kwenda Venice, Mary akabaki na watoto. Percy alipofika akamdanganya Byron kwamba Mary na watoto wako karibu, Padua, maana haingekuwa picha nzuri aonekane anasafiri peke yake na shemeji. Byron, kwa ukarimu wake, akasema basi familia yote ikae kwenye nyumba yangu kule Este. Sasa uongo umekuwa na anwani. Lazima Mary atokee, na atokee haraka.

Percy akakaa chini akaandika barua. Ndani yake kulikuwa na ratiba. Amke saa kumi alfajiri. Aende Lucca. Achukue gari la farasi afike Florence jioni hiyo hiyo. Kutoka Florence, siku tatu hadi Este. Imepangwa vizuri, kila saa na mahali pake, na mwanamke ambaye angeibeba hiyo safari hakuulizwa neno.

Mary alitimiza miaka 21 tarehe 30 Agosti. Siku inayofuata alikuwa barabarani na watoto wawili, kwa joto la kiangazi cha Italia. Angalia ramani ya wakati huo: anatoka dola dogo la Lucca, anaingia Toscana, anapita ardhi ya Papa, anaingia eneo la Austria. Serikali nne katika safari moja. Clara alikuwa na umri wa karibu mwaka mmoja na njiani akaugua. Walifika Este, mtoto hakupona. Wiki chache baadaye Percy akamwambia amlete Padua aonwe na daktari. Safari nyingine ya alfajiri. Huko hali ikawa mbaya zaidi, wakaamua kukimbilia Venice.

Wakati huo Venice haikuwa na daraja. Ulifika Fusina, ukapanda mashua. Walipofika Fusina wakakumbuka pasipoti wamesahau. Wanajeshi wakawazuia, mtoto yuko mikononi mwa mama anakufa. Percy akafoka mpaka wakaachiliwa. Walivuka. Clara alifariki Venice siku hiyo hiyo, tarehe 24 Septemba 1818.

Hawakuacha kusafiri. Roma, Naples, Roma tena. William akafia Roma mwezi wa sita 1819, akiwa na miaka mitatu. Mary alibaki bila mtoto hata mmoja mpaka Novemba, alipojifungua wa kiume mjini Florence, wakampa jina la mji: Percy Florence. Huyo ndiye aliyeishi. Baba yake alizama baharini 1822, akitoka Livorno kwa mashua.

Najua, najua. Hakuna anayekufa siku hizi kwa sababu ya kuunganisha treni. Sisemi mpenzi wako ni Percy Shelley. Ninachosema ni kwamba kuna aina ya ratiba ambayo mtu mmoja anaiandika ili aonekane vizuri mbele ya watu wengine, halafu mwingine ndiye anailipia kwa mwili wake. Percy alikuwa anamwandikia Byron hiyo ratiba, si Mary. Sasa jiulize, hiyo karatasi ya miji saba ameandikiwa nani? Kama ni wewe, mbona hakukuuliza? Kama ni wafuasi wake, basi ujue mapema.

Hiyo mbio yenyewe pia ina historia. Reli ya kwanza Italia ilifunguliwa 1839, kutoka Naples hadi Portici. Mwaka wa 1846 treni ikavuka maji na kuingia Venice. Mwaka wa 1864 Thomas Cook, Mwingereza aliyeanza kwa kupeleka watu wasiokunywa pombe kwenye mkutano wao kwa treni, akaleta kundi lake la kwanza Italia. Mtu wa kawaida, karani, mwalimu, dada asiyeolewa, akaweza kuona Roma bila kuwa na baba tajiri. Mimi hapo nampigia makofi. Wenye pesa walikasirika vibaya sana. Charles Lever, mwandishi aliyekuwa pia balozi mdogo wa Uingereza kule La Spezia, aliandika akieneza kwamba hayo makundi ni wafungwa ambao Australia imewakataa, sasa wanamwagwa Italia. Kwa hivyo ukisikia mtu anadharau watalii wa siku chache, kumbuka hiyo dharau ilianzia wapi. Siku chache si dhambi. Wengi wetu ndizo tunazo.

Lakini Cook alijua kitu: alipunguza uamuzi wa njiani. Tiketi moja, hoteli zimelipiwa, mtu hana haja ya kupigania chochote barabarani. Nyinyi mna miji saba na uamuzi wote bado uko mbele yenu, mkiwa na njaa, na mabegi.

Haya, sasa tupange. Viza ni moja, ya Schengen, kwa nchi zote zilizomo. Tangu 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na lazima muwe na bima ya angalau yuro 30,000. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje. Mary angetoa nini apate karatasi moja ya kupitia serikali zote zile! Ratiba ya viza inatakiwa iwe ya ukweli, kwa hivyo ibadilisheni sasa, kabla haijapelekwa.

Chagueni miji miwili, mitatu mkijikaza. Ingieni kwa Roma, tokeni kwa Venice, msirudi mlikotoka. Roma hadi Florence kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu, safari ambayo kwa gari la farasi ilichukua siku tano au sita. Hizo siku mmepewa bure na mainjinia, msizitumie kununua mji wa nne.

Florence msiiruke, na nitawaambia kwa nini. Familia ya Medici ilipokuwa inaisha, mtu wa mwisho alikuwa mwanamke, Anna Maria Luisa. Hakuwa na mtoto. Florence ilikuwa inaenda kwa watawala wa kigeni, na kila mtu alijua picha na sanamu zitafuata. Mwaka wa 1737 akawafanya watie sahihi mkataba: hakuna kitu kitakachotolewa Florence, milele. Na moja ya sababu zilizoandikwa ndani ni ili vitu hivyo viwavute wageni. Mama huyo aliwapangia nyinyi safari karibu miaka 290 iliyopita. Mkiingia Uffizi (Jumatatu hufungwa, msije mkalia mlangoni) mnatembea ndani ya wosia wake. Jumapili ya kwanza ya mwezi majumba ya makumbusho ya serikali huwa bure, ila foleni yake ni ya kanisa la mwaka mpya.

Venice, laleni huko. Tangu 2024, siku fulani za msimu wanaokuja kutwa na kuondoka wanatozwa ada ya kuingia mjini, wanaolala hotelini hawalipi. Lakini sababu yangu si hiyo. Jioni makundi yakirudi kwa treni, mji unanyamaza, unasikia maji yanagonga ukuta. Hapo ndipo mnaweza kuongea.

Na Roma, mkiwa na saa mbili zisizo na kazi, pandeni metro mshuke Piramide. Nyuma ya hiyo piramidi, iliyojengwa kabla ya Kristo, kuna makaburi ya wageni wasio Wakatoliki. Kuna miti mirefu na paka. Majivu ya Percy Shelley yako hapo, na mwanawe William alizikwa hapo. Mary hayupo, alizikwa Uingereza.

Huyo msichana nilimtumia haya yote kwa ujumbe wa sauti wa dakika 14, pole zake. Alinyamaza siku mbili. Jana akajibu kwamba walikaa chini na kalamu, wote wawili. Pisa imekatwa, Milan imekatwa, Capri imekatwa. Jamaa alinuna kidogo. Bado wanapigania Naples, na yeye ndiye anayeitaka.