Ufunguo kigeu katika ramani za injini ya kanuni

Ramani, katika lugha ya waandishi wa programu, ni hifadhi ya jozi ambamo kila ufunguo una thamani yake. Injini ya kanuni za biashara, mfano Drools, hulinganisha taarifa zilizo kwenye kumbukumbu yake na masharti yaliyoandikwa nje ya programu kuu, kisha hutekeleza kanuni ambazo masharti yake yametimia. Taarifa ikibeba ramani, lazima ijulikane ufunguo unatajwa na nani: mwandishi wa kanuni, au data yenyewe.

Udahili wa vyuo vikuu vya umma nchini Uganda, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kyambogo, ni mfano mzuri. Matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu, hugeuzwa pointi, kuanzia 6 kwa A, 2 kwa E, hadi 1 kwa O. Pointi za masomo mawili ya msingi huzidishwa kwa 3 na za somo husika kwa 2. Kozi ikitaja Hisabati na Fizikia kuwa za msingi na Uchumi kuwa somo husika, mwombaji mwenye A, B na C kwa mfuatano huo hupata 18, 15 na 8, jumla 41 kabla ya nyongeza nyingine. Kozi ikibadilika, masomo ya msingi nayo hubadilika.

Anayeandika `pointi["P425"]`, yaani msimbo wa Hisabati, atalazimika kuandika kanuni nyingine kwa kila kozi. Ufunguo kigeu, yaani ufunguo unaotoka kwenye data badala ya kutajwa ndani ya kanuni, humwondolea kazi hiyo:

`Kozi( $somo : somoLaMsingi )`
`Mwombaji( pointi[$somo] >= 2 )`

Mstari wa kwanza hushika msimbo kutoka kwenye kozi, wa pili huutumia kufungulia ramani ya mwombaji. Mfuatano huo haupinduliwi, kwa kuwa kigeu hakisomeki kabla hakijapewa thamani. Toleo la injini likigoma kutambua kigeu ndani ya mabano ya mraba, huandikwa `pointi.get($somo)`, umbo refu lenye maana ileile.

Kosa linalosumbua zaidi halipigi kelele. Ramani ikiwa na "P425" na kozi ikaleta "P425/1", ambayo ni namba ya karatasi ya mtihani, jibu ni utupu. Ndivyo inavyokuwa pia namba 425 inapotafutwa mahali penye maandishi "425". Mwombaji huonekana hana sifa, na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo sharti la kuhakikisha kwamba thamani ipo hutangulia sharti la kuilinganisha.

Ufunguo unaweza pia kuwa daraja lenyewe. Kwa UCE ya zamani, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini, D1 na D2 zina uzito wa 0.3, C3 hadi C6 uzito wa 0.2, P7 na P8 uzito wa 0.1. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, ulianza kufundishwa mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024 kwa madaraja ya A hadi E. Kanuni iliyoandikwa `uzito[$daraja]` haiguswi na mageuzi ya namna hiyo; ramani ya uzito ndiyo hujazwa upya. Iliyotaja D1 kwa jina huandikwa tena.

Kujaza upya nako kuna masharti. Thamani ikiingizwa kwa `put` peke yake, injini haijui kuwa kitu kimebadilika, na kanuni hazipimwi tena mpaka iarifiwe kwa `update` au `modify`.

Waombaji wakiwa maelfu, ni afadhali kuivunja ramani na kuingiza kila jozi kama taarifa kamili yenye mwombaji, somo na pointi. Injini huweka faharasa kwenye sehemu za kawaida za taarifa na kuziunganisha haraka, wakati yaliyomo ndani ya ramani hulazimika kuyachungulia kwa kila mwombaji.