Mafuta ya Tshopo na Njia Zake

Tangu mwezi wa saba wa mwaka 2022, serikali ilipotangaza kwamba itawauzia makompani ruhusa ya kutafuta petroli katika bonde kubwa la katikati ya Kongo, habari za mafuta zimekuwa nyingi katika vinywa vya Wakristu wetu. Munada ule uliondolewa mwezi wa kumi 2024. Mwaka 2025 mapande mengine yakafunguliwa, hesabu yake 52. Katekista akirudi kijijini baada ya mafundisho ya parokia, anaulizwa neno moja tu: “Je, sisi nasi tutapata utajiri?”

Kuagua mambo ya kesho si kazi yetu. Lakini yafaa tukumbuke neno ambalo wengi wamelisahau. Inchi hii ya Tshopo ilikwisha kuwa inchi ya mafuta, na mafuta yake yalijulikana hata Ulaya. Hayakuwa petroli, yalikuwa mawese. Basi mwenye kutaka kujua namna mafuta yanavyotajirisha watu, ama namna yanavyowapita tu, asiende kutafuta mifano Nijeria au Angola kabla hajatazama Lokutu, Yangambi na Ubundu.

Tuanze na muto, kwani hapa kwetu kila kitu kimeanza na muto. Kutoka Kinshasa masua hupanda karibu kilometa 1 700 bila kukuta maporomoko, halafu husimama Kisangani, pahali Wagenia wanapotega mitego yao mikubwa ya miti kati ya maji yenye nguvu. Kutoka hapo hata Ubundu kuna maporomoko saba, mwendo wa kilometa mia moja hivi. Ndiyo sababu Stanley, aliyeyapita kwa shida mwezi wa kwanza 1877, alirudi mwaka 1883 kuweka kituo chake katika kisiwa hapa hapa. Ndiyo sababu vilevile Tippu Tip, mutu wa Zanzibari, alikaa hapa, na mwaka 1887 Leopold wa Pili akamufanya liwali wa Maporomoko. Wangwana walikuja kutoka mashariki kwa miguu, Wazungu kutoka magharibi kwa masua, wakakutana pahali maji yanapokataa. Misioni pia ilifuata njia ile ile: Padri Grison aliweka Mutakatifu Gabrieli Siku Kuu ya Noeli 1897, kando ya muto.

Wenye mali walifanya nini mbele ya maporomoko? Mwaka 1902 ilianzishwa kompani ya reli ya Maziwa Makubwa, ambayo wazee wetu waliiita Seefele, ya muzungu Empain wa Ubeleji. Mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilifunguliwa kati ya Kisangani na Ubundu, ambayo wakati ule iliitwa Ponthierville. Kisha ikafuata ile ya Kindu na Kongolo, mwaka 1910, na ile ya Kabalo hata Kalemie juu ya ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Mwanafunzi achukue ramani ahesabu. Gunia linalotoka Kalemie hupanda gari la moshi hata Kabalo, hushuka na kupanda masua hata Kongolo, hushuka tena na kupanda gari la moshi hata Kindu, masua hata Ubundu, gari la moshi hata Kisangani, masua hata Kinshasa, na mwisho gari la moshi hata Matadi, ambapo reli ilifika toka 1898. Vipande saba, na kati yao mara sita watu wanainama, wanabeba, wanaweka chini. Ni kweli kwamba baadaye, mwaka 1939, Kabalo na Kongolo ziliunganishwa kwa reli. Lakini hata leo pale Kisangani hakuna daraja juu ya muto mukubwa. Reli ya Ubundu inaanzia Lubunga, ngambo ya kushoto, na bandari kubwa iko ngambo ya kuume. Muzigo unapashwa kuvuka kwanza kabla ya kusafiri.

Tunasema hayo kwa urefu sababu njia ina faida kwa mutu yule tu anayeweza kulipa mabega yote ya katikati. Pembe za ndovu na dhahabu ziliweza, maana ni nzito kwa bei, si kwa kilo. Muhogo wa mukulima haukuweza. Alama ya kwanza ya njia zetu ndiyo hiyo: zilipangwa kutoka bandari kuelekea ndani, kwa ajili ya kitu cha kutolewa, hazikupangwa kutoka kijiji kwenda kijiji.

Sasa mawese. Tarehe 14 ya mwezi wa ine 1911 serikali ya Ubeleji ilifanya mapatano na Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni. Walimupa maduara matano, kila duara na nusu kipenyo ya kilometa 60, ambamo angeweza kuchagua ardhi hata hektari 750 000 kwa jumla. Duara moja lilikuwa la Barumbu, katika inchi ya Basoko. Kiwanda chake kiliitwa Elisabetha, leo tunasema Lokutu. Kompani iliitwa Huileries du Congo Belge. Mapatano yaliiagiza kujenga shule na mahospitali, na kweli vilijengwa. Tusiwe watu wa kukana mambo yaliyoonekana kwa macho.

Lakini ardhi ile ilitoka wapi? Toka amri ya tarehe 1 ya mwezi wa saba 1885, ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa mali ya Leta. Kwa macho ya karani, “isiyo na mwenyewe” maana yake ardhi isiyo na nyumba wala shamba siku ile. Mungazi uliokomaa pahali pa kijiji kilichohama, mungazi ambao ukoo ulijua babu yupi aliupanda ama aliuchunga, ulihesabiwa kuwa muti wa pori. Hivi mutu aliweza kupanda muti wa babu yake kwa kamba, akakata shada la ngazi, akalipwa kwa kazi ya mikono tu, si kwa tunda. Waseminari wanaosoma maadili na haki watambue kwamba ugomvi wa leo kati ya vijiji na mashamba makubwa ya ngazi haukuzaliwa jana. Kule Kwango, katika duara lingine la kompani ile ile, mambo ya bei, kodi na kazi yaliingia katika uasi wa Wapende mwaka 1931, na damu nyingi ilimwagika.

Kwa nini duara, na kwa nini kilometa 60? Jibu limo ndani ya tunda lenyewe. Ngazi iliyokatwa haingoji. Ikipondeka na kulala siku mbili tatu, mafuta yake yanaanza kuchacha, yanakuwa makali, na mununuzi wa Ulaya anapunguza bei. Basi kiwanda kinapashwa kuwa karibu na muti, na njia kati yake na muti inapashwa kuwa nzuri kila siku, si siku ya kiangazi tu. Kutoka kiwandani mafuta yenyewe hayana haraka: yalishuka muto hata Kinshasa, kwanza katika mapipa, baadaye katika matangi, kisha reli hata Matadi. Kwa hiyo makompani yalitunza sana njia fupi za ndani ya duara lao. Nje ya duara, barabara ilitunzwa na watu wa vijiji wenyewe, kwa jembe na kikapu, chini ya kantonye. Na wazee hawakumbuki kazi ile kwa furaha.

Karibu na Kisangani, mwendo wa kilometa mia moja upande wa chini, iko Yangambi. Hapo INEAC, shirika la utafutaji wa mambo ya ukulima lililoundwa 1933, liliweka makao yake makubwa. Habari ya Yangambi ingestahili kufundishwa katika kila shule yetu, lakini wachache wanaijua. Wenye kulima walijua zamani kwamba kuna ngazi ya namna tatu: ile yenye kokwa nene na nyama kidogo, iitwayo dura, ile isiyo na kokwa ngumu, pisifera, ambayo mara nyingi haizai vizuri, na ile ya katikati, tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi. Kila mutu alitaka tenera, lakini mwenye kupanda mbegu za tenera hakupata tenera tupu. Mwaka 1941 wataalamu Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walionyesha sababu. Unene wa kokwa unafuata urithi wa namna moja tu: ukichanganya dura na pisifera, watoto wote ni tenera, ukichanganya tenera na tenera, katika watoto wane, mumoja ni dura, wawili tenera, mumoja pisifera. Ni hesabu ile ile ya Mendel, mumonaki wa Waagustino, aliyeipata kwa njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno.

Tunda la maarifa hayo liko wapi? Mashamba makubwa ya Malaisia na Indonesia yanapanda tenera kwa hesabu iliyoonyeshwa hapa Tshopo. Nasi? Mkulima wetu wa Isangi au wa Opala anayeokota mbegu chini ya mungazi muzuri, akafikiri amepata muzuri mwingine, anapoteza miti miwili katika kila mine, sababu hana njia ya kufikia mbegu zilizochanganywa sawasawa. Maarifa nayo ni muzigo: yalipata masua ya kwenda Asia, hayakupata mutumbwi wa kwenda Opala.

Karibu na mwaka wa uhuru, Kongo ilitoa zaidi ya tani 200 000 za mawese kwa mwaka, ikawa pamoja na Nijeria katika inchi za kwanza duniani kwa kuyauza nje. Halafu yakafuata mambo tunayoyajua. Uasi wa 1964, ambao katika miji yetu uliwaua mapadri, masista na walei wengi, ulifunga viwanda na kukata barabara. Mwezi wa kumi na moja 1973 maduka na mashamba ya wageni yalipewa watu ambao wengi wao hawakuyajua. Waliuza magari, wakaacha miti. Kantonye hakulipwa tena, na barabara katika pori letu haihitaji adui: mvua mbili na miti mitatu iliyoanguka zatosha. Vita ya 1998 iliufunga muto wenyewe kati ya Kisangani na Kinshasa, na mwezi wa sita 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya muji wetu. Siku zile chakula kilifika kwa kinga. Vijana wa toleka waliosukuma magunia na madumu ya mawese kwa mamia ya kilometa katika vijia vya pori ndio waliolisha Kisangani, na hakuna kompani wala serikali iliyowajengea hata kidaraja cha miti.

Unilever, murithi wa Lever, iliuza mashamba ya Lokutu mwaka 2009 kwa kompani ya Canada. Toka 2020 yana wenyewe wengine tena. Ngazi bado zinakatwa. Lakini inchi iliyokuwa ikiuza mawese, leo yanunua mafuta ya ngazi kutoka Asia.

Turudi sasa kwa petroli. Toka zamani wataalamu walijua kwamba kando ya muto, kati ya Kisangani na Ubundu, yamo mawe meusi yenye mafuta ndani yake. Katika vitabu vyao yanaitwa kwa jina la Stanleyville. Kati ya 1952 na 1956 walipima bonde lote, wakachimba mashimo mawili: Samba mwaka 1955, zaidi ya mita 2 000, na Dekese mwaka 1956. Mwaka 1981 walichimba mengine mawili, Mbandaka na Gilson, kila moja zaidi ya mita 4 000. Hakuna hata moja lililotoa petroli ya kuuzwa. Mashimo mane katika bonde pana hivi ni kidogo. Hayaonyeshi kwamba imo wala kwamba haimo.

Lakini Muanda, kwenye bahari, petroli inatoka toka 1975. Kulijengwa hata kiwanda cha kuisafisha, kilichofunguliwa 1968, kabla ya petroli yetu yenyewe kutoka. Na ilipotoka ilikuwa nzito mno kwa kiwanda kile. Inachukuliwa na mameli kwenda inchi za nje. Esansi inayouzwa Kisangani katika chupa kando ya barabara imepanda muto kutoka Matadi na Kinshasa kwa majuma mengi, ama imekuja kwa lori kutoka mashariki, kwa barabara ya taifa namba 4, kutoka bandari ya Mombasa. Kila kivuko na kila kizuizi kimeongeza bei yake, na pikipiki inayomupeleka mama mwenye uchungu kutoka kijiji hata hospitali hulipa bei hiyo.

Kwa hiyo, katekista anapoulizwa kijijini kama petroli itatutajirisha, naye anaweza kuuliza. Katika mapatano, neno “ardhi isiyo na mwenyewe” limeandikwa wapi, na nani aliitwa kushuhudia kabla ya kutia sahihi? Barabara itakayojengwa itapita vijiji gani, na ni nani atakayeilipia baada ya mvua ya kwanza? Bomba likishuka moja kwa moja kwenda baharini, Ubundu itapata nini? Mwaka 1911 maswali hayo hayakuulizwa katika lugha yoyote ambayo watu wa Basoko waliisikia. Leo wana wao wanasoma Kifaransa, na wengine wao wako katika madarasa ya seminari zetu.